Kutunza nyumba ya kale iliyolindwa mjini Bath: mwongozo kwa mwenye nyumba na mwenye fleti

Anayenunua nyumba ya karne ya 18 mjini Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, hukabidhiwa funguo pamoja na sheria. Mji huu uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, ukaingia tena mwaka 2021 pamoja na miji mingine ya Ulaya yenye chemchemi za tiba, na ndani yake yamo majengo yapatayo 5,000 yaliyoorodheshwa na serikali. Mengi si makumbusho. Ni nyumba za watu, zimekatwakatwa kuwa fleti, na siku hizi wamo pia Waswahili wanaopanga au kununua humo. Mwongozo huu ni wao, ila fundi yeyote anayeshika chokaa, awe Lamu au Unguja, ataona mambo anayoyafahamu.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu hatua zote zinalizunguka: nyumba hizi zimesimama miaka 250 kwa kuwa kuta zake hunywa maji na kuyatoa tena. Kinachoziangusha ni maji yaliyokosa njia ya kutoka, na mara nyingi aliyeziba njia hiyo ni fundi wa karne iliyopita aliyedhani anasaidia.

Hatua ya 1: Jua hasa kilicholindwa

Fungua orodha rasmi ya urithi ya Historic England, shirika la umma linalosimamia majengo ya kale, kwenye mtandao, tafuta anwani yako, usome daraja. Madaraja ni matatu. Daraja la I ndilo la juu, na kwa Uingereza nzima ni kama asilimia 2.5 tu ya majengo yaliyoorodheshwa. Linafuata la II* lenye asilimia 5.8, yaliyobaki, zaidi ya asilimia 91, ni daraja la II. Mjini Bath hesabu hiyo inakudanganya, maana mitaa mizima kama The Circus, iliyoanzwa mwaka 1754, na Royal Crescent, iliyoanzwa 1767, iko daraja la I.

Wengi husoma maelezo mafupi ya orodha, wakaona yametaja mlango wa mbele na madirisha tu, wakahitimisha kwamba ndani wako huru. La. Isipokuwa orodha imesema waziwazi kwamba sehemu fulani haimo, ulinzi ni wa jengo zima, nje na ndani: ngazi, meko, dari, mbao za sakafu, hata mpango wa vyumba. Kuta za bustani na vibanda vilivyokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948, vikiwa ndani ya uwanja wa nyumba, kwa kawaida navyo vimo. Maelezo yale yaliandikwa zamani ili jengo litambulike, na mwandishi mara nyingi alisimama barabarani asiingie ndani.

Hatua ya 2: Kaa nayo kabla ya kuigusa

Ukiweza, ishi humo majira yote manne kabla ya kazi kubwa. Mvua kubwa ikinyesha, toka nje na mwavuli uangalie maji yanakopita. Piga picha. Nyumba za Bath zina paa lenye umbo la herufi M, lililofichwa nyuma ya ukuta wa ukingo, ili mtu wa barabarani aone mstari safi wa jiwe tu. Maana yake ni kwamba kuna bonde katikati ya paa na mfereji nyuma ya ule ukingo, na katika nyumba nyingine mfereji huo hupita ndani kabisa ya dari, ukibeba maji ya mbele kuyapeleka nyuma. Jani moja na njiwa mmoja aliyekufa vyatosha kuumwaga mfereji huo chumbani mwako.

Weka daftari. Andika doa la unyevu lilionekana lini, upepo ulitoka wapi, na kama linakauka kiangazi. Kwenye ufa, chora mistari miwili ya penseli pande zake, pima nafasi iliyo kati yake, andika tarehe. Ufa uliolala miaka mia hauhitaji nyundo. Ufa unaotembea ndio unaohitaji mhandisi, na awe aliyezoea majengo ya kale.

Hatua ya 3: Kibali kwanza, nyundo baadaye

Sheria inayotawala ni ya mwaka 1990, ya upangaji kuhusu majengo yaliyoorodheshwa na maeneo ya hifadhi. Kazi yoyote inayogusa haiba ya jengo kihistoria au kiusanifu inahitaji kibali cha halmashauri, ambayo hapa ni Bath & North East Somerset. Kufanya kazi bila kibali ni jinai: adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 2, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Halmashauri pia yaweza kuamuru kazi ivunjwe na jengo lirudishwe lilivyokuwa, na amri hiyo haina muda wa kuisha. Humfuata mmiliki wa sasa hata kama kosa lilifanywa na aliyemuuzia. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwambie wakili wako adai vibali vya kila kilichobadilishwa: jiko lililohamishwa, ukuta uliotobolewa, madirisha ya plastiki ya uani.

Maombi ya kibali hiki hayalipiwi ada. Gharama iko kwenye michoro na maelezo: unapaswa kueleza nini kina thamani katika nyumba, kazi yako itakigusa vipi, na kwa nini hakuna njia nyepesi zaidi. Muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki 8, ila panga kusubiri zaidi. Kibali kikitoka, kwa kawaida kazi ianze ndani ya miaka 3, na soma masharti yake. Mengi hudai sampuli ya chokaa au ya jiwe ionwe na afisa kabla hujaendelea.

Je, ukarabati mdogo? Kubadilisha kigae kimoja kwa kigae cha aina ileile, kuzibua mfereji, kupaka upya dirisha rangi ileile, kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kukiwa na shaka, uliza kwa maandishi na uhifadhi jibu. Katika miaka ya 1970 mkazi wa nyumba namba 22 Royal Crescent alipaka mlango wake rangi ya manjano, halmashauri ikamwamuru aurudishe uwe mweupe, akapambana nayo hadi akashinda. Mlango ungali wa manjano. Ni kisa kitamu, lakini nisingekushauri ukifanye mfano. Yeye alikuwa na muda, na ari, kuliko wengi wetu.

Dharura ina nafasi yake. Jiwe likitaka kumwangukia mpita njia, sheria inakukinga ukifanya kile tu kilicho lazima kwa usalama na ukaiarifu halmashauri kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Kutegemeza kunaruhusiwa, lakini usichukue fursa hiyo kubomoa.

Hatua ya 4: Majirani, wenye fleti wenzako, na popo

Nyumba zimeshikana, hivyo ukuta wa kati si wako peke yako. Sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inataka umpe jirani taarifa ya miezi 2 kabla ya kugusa ukuta huo, hata kama ni kuingiza boriti ya chuma tu.

Kwenye fleti, soma hati yako kwanza ujue paa ni la nani. Mara nyingi kila mwenye fleti huchangia, na gharama ya kazi ikimzidi mmoja wenu pauni 250, msimamizi analazimika kuwashauri wote kwa utaratibu wa kisheria, akionyesha makadirio ya bei. Anayeishi ghorofa ya chini husema paa halimhusu. Linamhusu: maji ya paa hushuka hadi kwake, ila humfikia mwisho, yakiwa yameshaharibu ghorofa tatu.

Popo wamelindwa na sheria pamoja na makao yao, hata wakiwa wameondoka kwa msimu. Ukiona vinyesi vyao darini, mwite mkaguzi wa popo kabla ya kupanga tarehe ya mafundi.

Hatua ya 5: Chagua fundi kwa maswali

Muulize fundi swali moja: utajaza viungo vya mawe kwa nini? Akisema saruji, au chokaa iliyotiwa "saruji kidogo tu ikaze haraka", mshukuru na umsindikize mlangoni. Omba kuona kazi yake ya miaka mitano iliyopita, si ya mwezi uliopita, kwa sababu chokaa mbaya huonyesha sura yake baada ya majira kadhaa ya baridi. SPAB, chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, hufundisha mafundi na wenye nyumba, na hutoa ushauri wa kiufundi kwa simu. Hapo mjini kuna Bath Preservation Trust, taasisi ya kuhifadhi majengo ya mji ya tangu 1934, inayoendesha makumbusho ya namba 1 Royal Crescent. Ukiingia humo utaona chumba cha wakati ule kilivyokuwa, na hiyo ni elimu nafuu kabla ya kumlipa msanifu.

Hatua ya 6: Anza juu, na anza na maji

Hakuna maana ya kupaka rangi sebule huku paa likivuja. Mpangilio wa kazi ni huu: paa, mifereji, mabomba ya kushusha maji, ardhi iliyozunguka nyumba, kuta, madirisha, kisha ndani.

Mifereji ya paa imetandikwa risasi, ile metali laini ya kijivu. Hutanuka juani na kunywea kwenye baridi, na ndiyo sababu mafundi wa zamani waliilaza kwa vipande vifupi vyenye ngazi ndogo baina yake. Kipande kirefu kikigongomewa pande zote kitachanika. Ufa wa risasi huungwa kwa risasi. Ukizibwa kwa lami au silikoni, umenunua mwaka mmoja na kumwachia fundi ajaye taabu ya kuisafisha. Na asichome moto darini bila sababu. Moto wa kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris mwaka 2019 ulizuka wakati ukarabati ukiendelea. Mwambie fundi akaunge risasi chini, au atumie viungo vya kukunja visivyohitaji moto, na kampuni ya bima ijue kazi inaanza lini.

Mabomba ya chuma cha kusubu hupasuka upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, kwa sababu hakuna mtu anayepaka rangi huko. Pitisha kioo kidogo nyuma ya bomba uone. Mstari wa kijani ukutani sambamba na bomba una maana moja tu: bomba linavuja.

Chini, ardhi ya nje isiwe juu kuliko sakafu ya ndani. Miaka mingi ya kuongeza lami na vigae hupandisha ardhi, kisha wenye nyumba hushangaa ukuta unaloa. Vyumba vya chini, pamoja na maghala ya makaa yaliyojengwa chini ya barabara, havikukusudiwa kuwa vikavu kama kitanda. Anayetaka kulala humo aandae kibali na mfumo wa utando unaoruhusu maji yapite nyuma yake na kutolewa, unaoweza kuondolewa bila kuumiza ukuta. Kusiliba kwa saruji huyasukuma maji yapande kwenye chumba cha juu.

Jihadhari pia na muuzaji anayebandika kijidude cha umeme ukutani, kikalia, akatangaza kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini na dawa ya kudunga ukutani ndiyo tiba. Vipimo vile vimetengenezwa kupimia mbao, na chumvi iliyo ndani ya plasta ya kale huvilaghai. Rekebisha mfereji kwanza, ngoja, kisha uone.

Hatua ya 7: Jiwe na chokaa

Jiwe la Bath ni jiwe la chokaa, laini, rangi ya asali. Katika karne ya 18 mfanyabiashara Ralph Allen alilichimba Combe Down, juu ya mji, na leo bado linachimbwa chini ya ardhi upande wa Corsham. Mbele ya nyumba limechongwa kwa usahihi hata viungo vikawa vya milimita chache. Nyuma ni mawe ya ovyoovyo yaliyofunikwa au kuachwa wazi, maana hela ya mjenzi iliishia upande unaoonekana.

Moshi wa makaa ulilifanya jiwe hili jeusi. Salfa ya moshi iliungana na chokaa ya jiwe ikazaa jasi, na jasi hukaa pale mvua isipofika, chini ya vizingiti na mapambo, kama gamba linalovimba na kubanduka likiwa limebeba uso wa jiwe. Kusafisha kunahitaji kibali, na njia ya upole ni ukungu wa maji unaonyunyiziwa kwa saa kadhaa hadi gamba lilainike, kisha brashi laini. Usikubali mchanga wa kupulizwa wala asidi. Na usifanye karibu na majira ya barafu, kwa sababu jiwe lililoloa likiganda hupasuka.

Sasa saruji. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hahitaji mhadhara hapa: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilizosilibwa kwa saruji ameshaziona, plasta ikidondoka kwa mabamba na boriti zikioza ndani ya ukuta usiokauka. Ugonjwa wa Bath ni huohuo kwenye baridi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, basi maji hutoka kupitia jiwe lenyewe, chumvi zikaganda ndani yake, barafu ikamalizia. Baada ya miaka michache jiwe limelika na viungo vya saruji vimebaki vimechomoza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe, kwa kuwa kiungo hubadilishwa na jiwe halibadilishwi kirahisi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Viungo vizima viache. Vilivyokufa vitoe kwa mkono. Kwa viungo vyembamba vya mbele, kipande cha msumeno wa chuma kinatosha, na grinda ibaki garini, maana ikiteleza mara moja imekata kingo za mawe mawili ambazo hazirudi. Ingia ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Osha vumbi, lowesha jiwe lisinyonye maji ya chokaa ghafla. Mbele tumia chokaa laini iliyoiva, ichanganywe na unga wa jiwe lilelile. Nyuma, kwenye mawe ya ovyo, chokaa ya asili inayokamata hata penye unyevu, inayouzwa kwa namba 2, 3.5 na 5, inafaa. Chukua 2 au 3.5, sehemu moja kwa mbili na nusu au tatu za mchanga mkali wenye punje za ukubwa tofauti. Namba 5 kwa jiwe hili ni ngumu mno, ingawa wauzaji huipenda.

Kisha vumilia. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu, hivyo funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, ukinge jua, upepo na mvua. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 5, acha kazi. Kwa Bath hiyo ina maana ya kufanya kati ya Aprili na Septemba, na fundi mzuri wa miezi hiyo ameshachukuliwa tangu Januari.

Jiwe lililooza sana hukatwa kipande kibovu tu na kupachikwa jipya kutoka tabaka linalofanana, likilazwa kama lilivyolala ardhini. Likisimamishwa wima hubanduka karatasi kwa karatasi. Mapambo yaliyochakaa huweza kupewa koti jembamba la chokaa na unga wa jiwe badala ya kubadilishwa. Njia hiyo ilitumika kwenye sanamu za kanisa kuu la Wells, mji wa jirani, miaka ya 1970 na 1980, na napendelea koti hilo kuliko uso mpya unaong'aa.

Hatua ya 8: Madirisha, dari na baridi

Madirisha ya kupandisha na kushusha huonekana yamekufa kumbe yamegandishwa na rangi. Kamba mpya, uzito uliosawazishwa, na kipande cha mbao ngumu kuungwa mahali pa ubao wa chini uliooza, huyarudisha kazini. Kioo cha kale chenye mawimbi usikitupe. Kwa baridi, weka brashi za kuzuia upepo kwenye kingo, kisha kioo cha pili upande wa ndani, kinachoweza kutolewa. Na chunguza visanduku vya pembeni mwa dirisha: mara nyingi ndani yake zimo luva za kukunja za mbao, zimepigiliwa misumari na kupakwa rangi juu. Zifungue. Ukizifunga jioni utaona tofauti kabla ya kununua chochote.

Rangi za zamani zina risasi. Usikwangue kavu kwa msasa wala usichome kwa moto, hasa penye watoto. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi, kusanya takataka zote.

Dari za chokaa zimeshikiliwa na fito. Bonyeza kwa kiganja: ikibonyea, imeachana na fito, lakini inaweza kukazwa kwa skrubu na washa za chuma kisichopata kutu. Darini juu, tandika nyuzi za mbao au sufu kuzuia baridi, ukiacha hewa ipite kwenye kingo za paa. Dohani isiyotumika ifunikwe juu dhidi ya mvua lakini iachiwe tundu la hewa juu na chini. Na kuta zote zipakwe rangi inayopumua. Rangi ya plastiki ni saruji kwa sura nyingine.

Hatua ya 9: Fedha na makaratasi

Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, inalipwa kwenye ukarabati na, tangu Oktoba 2012, hata kwenye mabadiliko yaliyopewa kibali. Nyumba iliyokaa bila mkazi miaka 2 au zaidi yaweza kupata asilimia 5. Muulize mkandarasi kabla ya mkataba, maana yeye ndiye anayeitoza. Usitegemee ruzuku kwa nyumba binafsi ya daraja la II. Bima ihesabiwe kwa gharama ya kujenga upya kwa jiwe na chokaa, kiasi ambacho huenda kikapita bei uliyonunulia.

Fungua jalada moja: vibali, barua za afisa, picha za kabla na baada, kipimo cha mchanganyiko wa chokaa, jina la chimbo la jiwe. Mnunuzi wako atalidai. Kila Novemba majani yakiisha kudondoka, na tena Machi, lipia saa mbili za mtu wa kupanda kusafisha mifereji. Na bili zake nazo ziingie jaladani.